Lambalamba ya mbwa si ile ya watoto

JUA la Februari jijini Dar es Salaam halina mzaha. Ikifika saa saba mchana mabati yanawaka, feni inazungusha hewa ya moto, na mbwa wa nyumbani amejilaza chini ya gari huku ulimi ukining'inia, anahema kama aliyetoka kukimbizwa. Watoto wakirudi kutoka shule hukimbilia friza. Kila mmoja huchomoa lambalamba yake, na kwa kawaida hakosekani mmoja, mara nyingi mdogo wao, anayemwonea mbwa huruma na kumrushia kipande.

Huruma hiyo ni njema, na wazo lenyewe si baya. Mbwa wengi hupenda vitu vya baridi, na vipo vitu kadhaa vya bei nafuu ambavyo familia inaweza kugandisha kwa ajili yao. Shida iko kwenye kile kipande kilichorushwa. Kama ni cha ukwaju, cha zabibu, cha chokoleti au cha kinywaji kilichotiwa sukari ya bandia, huenda mtoto amemlisha rafiki yake kitu ambacho madaktari wa mifugo hukihesabu kuwa sumu.

Kwa nini mbwa huteseka zaidi

Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39 za Selsiasi, juu kidogo ya la binadamu. Tofauti kubwa iko kwenye namna ya kulipunguza. Binadamu hutoka jasho mwili mzima. Mbwa hutoka jasho kwenye nyayo tu, na halimsaidii sana. Kazi kubwa hufanywa na ulimi, mdomo na pua: anahema haraka haraka, mate yanakauka, na yakikauka yanaondoka na joto.

Sasa njia hiyo inahitaji hewa kavu. Wakazi wa Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na Mombasa wanajua nguo inavyokataa kukauka siku za unyevunyevu, na mate ya mbwa hukataa vivyo hivyo. Ndiyo maana mbwa wa pwani anaweza kuzidiwa siku ambayo kipimajoto kinasoma nyuzi 32 tu. Wanaoumia zaidi ni mbwa wanene, wazee, wenye manyoya mazito, na wale wenye pua fupi kama bulldog, pug na boxer, ambao njia zao za hewa ni nyembamba tangu kuzaliwa. German shepherd naye, anayependwa na wengi kwa ulinzi, amevaa koti la nchi ya baridi.

Hapo inabidi kusema jambo ambalo baadhi ya wenye mbwa hawapendi kulisikia. Mbwa wengi wa ulinzi mijini hushinda wamefungiwa kwenye banda la mabati tangu alfajiri hadi giza, na kopo lao la maji huwa limekauka kabla ya adhuhuri. Mbwa wa namna hiyo hahitaji lambalamba. Anahitaji kivuli, upenyo wa hewa na maji safi yanayobadilishwa mara kadhaa kwa siku. Makuti machache juu ya bati la banda yatamfaa kuliko barafu yoyote. Yakishapatikana hayo, kitu cha baridi kinakuwa nyongeza nzuri: kinamwongezea maji mwilini, na kule kulamba kwenyewe humtuliza na kumpa shughuli katika saa ambazo hapaswi kukimbia.

Ukwaju na zabibu

Kwa miaka mingi madaktari wa mifugo walijua kwamba zabibu, mbichi au kavu, huweza kuharibu figo za mbwa, lakini hawakujua kwa nini. Mbwa mmoja angekula kiganja kizima asidhurike, mwingine akala chache akafa. Mwaka 2021 madaktari wa kituo cha sumu za wanyama cha shirika la ASPCA nchini Marekani walitoa maelezo yaliyoanza kufumbua fumbo hilo. Kilichowashtua ni mbwa aliyekula udongo wa kuchezea watoto uliotengenezwa nyumbani kwa krimu ya tatari, unga mweupe unaotumika pia katika kuoka keki. Figo zake zilifeli kwa namna ileile ya mbwa waliokula zabibu. Unga huo hutokana na asidi ya tatariki, na zabibu zina asidi hiyohiyo kwa wingi. Mwaka uliofuata ilichapishwa taarifa ya mbwa wengine walioumia figo, na safari hii miongoni mwa vyakula vilivyotajwa umo ukwaju.

Kwa Mmarekani wa kawaida, ukwaju ni bidhaa ya kutafuta kwenye duka la vyakula vya kigeni. Kwa msomaji wa huku ni kitu cha kila siku. Ni juisi ya futari, ni kiungo cha urojo, ni barafu anayouza jirani dirishani. Pia ni mmoja wa matunda yenye asidi ya tatariki nyingi kuliko mengi, na asidi hiyo ndiyo inayoupa uchachu wake. Kwa maneno mengine, moja ya lambalamba zinazopendwa zaidi katika mitaa ya pwani ndiyo isiyofaa kabisa kwa mbwa.

Kiasi cha asidi hubadilika kutoka tunda hadi tunda, na mbwa nao hawalingani, hivyo hakuna kipimo ambacho mtu anaweza kukitaja akasema hiki ni salama. Kipande kimoja cha juisi iliyochujwa na kuzimuliwa kwa maji huenda kisimfanye kitu mbwa mkubwa. Mbwa mdogo aliyefikia bakuli la ukwaju uliolowekwa jikoni, akala pamoja na makapi yake, huyo ni wa kukimbizwa kwa daktari. Dalili za kwanza, yaani kutapika na kukataa chakula, hujitokeza ndani ya siku moja hivi. Baada ya siku mbili tatu mkojo hupungua au hukatika kabisa, na hapo figo zimekwisha kuumia. Familia za Dodoma, ambako zabibu hulimwa na kuuzwa kando ya barabara, zina sababu ya kuwa macho zaidi.

Na ubuyu je? Nao una asidi za aina mbalimbali, na ule wa kununua umejaa sukari na rangi. Hauna sababu ya kufika kwenye bakuli la mbwa.

Sukari isiyo sukari

Nyumba yenye mgonjwa wa kisukari, au mtu anayepunguza uzito, huenda ina bidhaa zilizoandikwa kwamba hazina sukari. Hizo zinahitaji kusomwa mara mbili. Kiambato cha kutafuta ni zailitoli, ambayo kwenye lebo jina lake huanza na herufi X, au huandikwa kwa namba E967. Binadamu hutumia bila madhara makubwa. Kongosho la mbwa hudanganyika likadhani ni sukari halisi na kumwaga insulini nyingi kwa mara moja, na sukari ya damu inaporomoka, mara nyingi ndani ya nusu saa hadi saa moja. Mbwa anayumba, anatapika, anaweza kupata degedege. Gramu 1 inaweza kumwangusha mbwa wa kilo 10, na kiasi kikubwa zaidi huharibu ini.

Zailitoli hupatikana kwenye bigijii, pipi, baadhi ya dawa za meno na baadhi ya siagi za karanga zinazotoka nje. Hiyo siagi ya karanga ndiyo ya kuangaliwa, kwa sababu maelezo ya vitafunwa vya mbwa kutoka Ulaya na Marekani huitaja karibu kila mara, na mtu anayeyafuata neno kwa neno bila kusoma lebo anaweza kujikwaa hapo. Siagi iliyosagwa mtaani kwa karanga tupu ni salama zaidi kwa upande huo. Lakini nayo ina swali lake: karanga zenyewe zilikuwa katika hali gani kabla ya kusagwa?

Swali hilo si dogo. Ipo tabia ya kumwachia mbwa kilichoharibika, kama karanga zenye ukungu, mahindi yaliyovunda au unga wa chini ya gunia. Sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye karanga na mahindi, iliua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004, na mwaka 2016 ikaua wengine katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo upesi, na kinachoharibika ni ini. Kupika hakuiondoi, wala kugandisha. Karanga zisizofaa kwa mtoto hazifai kwa mbwa pia.

Wakenya wana la ziada. Makademia, ambazo hulimwa kwa wingi Kiambu, Murang'a na Embu, humlegeza mbwa miguu ya nyuma, zikamtetemesha na kumpandisha homa. Kwa kawaida hupona ndani ya siku mbili, lakini hakuna sababu ya kumpitisha huko.

Vingine vinajulikana zaidi: chokoleti na kakao, ambazo zina theobromini inayosumbua moyo na mishipa ya fahamu, kahawa, majani ya chai na pombe. Vitunguu, maji na saumu, huvunja chembe nyekundu za damu, viwe vibichi, vimepikwa au vimesagwa kuwa unga. Suala la vitunguu lina uzito wake kwa sababu supu ndiyo kitu cha kwanza watu hufikiria kumgandishia mbwa, na supu ya mezani imekwisha kuungwa vitunguu, chumvi na viungo vya pakiti. Ya mbwa lazima itengwe kabla ya kuungwa.

Cha kugandisha

Lambalamba ambayo mbwa wa huku ataikimbilia haina tunda hata moja ndani yake. Ni maji ya dagaa.

Chukua kiganja kimoja cha dagaa wa Mwanza, wale wanaokaushwa kwa jua bila chumvi. Wachambue, waoshe mara mbili tatu hadi mchanga uishe, kisha wachemshe kwenye lita moja ya maji kwa dakika 20. Usitie chumvi, usitie nyanya, usitie kitunguu. Acha maji yapoe kabisa, yachuje, yamimine kwenye trei ya barafu, na katika kila tundu tumbukiza dagaa mmoja au wawili waliokwisha kulainika. Weka friza hadi kesho yake. Harufu yake haipendezi kila pua, na ni vizuri trei ikae ndani ya kopo lenye mfuniko, la sivyo maziwa ya watoto nayo yatanukia dagaa. Dagaa wa baharini, wanaochemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, wanahitaji kulowekwa usiku kucha na maji yale kumwagwa. Mwenye haraka awaache.

Supu ya miguu ya kuku au ya mifupa ya ng'ombe hufanyika vivyo hivyo. Ikishapoa kwenye friji, mafuta huganda juu. Yaondoe yote, kwa kuwa mafuta mengi huweza kumletea mbwa uvimbe wa kongosho. Mifupa yenyewe usimpe, kwani mfupa uliopikwa hukatika vipande vikali kama vioo.

Upande wa matunda, tikitimaji ni rahisi kuliko yote. Zaidi ya asilimia 90 yake ni maji. Toa mbegu na ganda, ponda kwa uma au saga kwenye blenda, gandisha bila kuongeza kitu. Papai lililotolewa mbegu hufaa, na embe pia, mradi kokwa lisibaki mahali ambapo mbwa anaweza kulifikia. Msimu wa maembe ni msimu wa mbwa kumeza kokwa, na kokwa likikwama kwenye utumbo hutoka kwa upasuaji. Maji ya dafu kidogo si mabaya, ila yana sukari yake ya asili, hivyo yasigeuzwe kuwa kinywaji cha kila siku.

Anayetaka kitu cha kushiba kidogo anaweza kuchanganya kikombe kimoja cha mtindi usio na sukari wala ladha, ndizi mbivu moja iliyopondwa, na kijiko cha chai cha siagi ya karanga isiyo na chumvi. Mchanganyiko huo hutosha trei moja ya kawaida. Mtindi unapendekezwa badala ya maziwa kwa sababu mbwa wengi wakishakua hawasagi vizuri laktosi, sukari ya kwenye maziwa, na matokeo yake ni kuhara. Katika mtindi, bakteria wamekwisha kula sehemu ya sukari hiyo. Hata hivyo mbwa wanatofautiana. Mpe kipande kimoja, angalia kinyesi chake kesho, ndipo uendelee. Boga lililochemshwa na kupondwa linaweza kuchukua nafasi ya ndizi, na kwa mbwa mnene ni bora zaidi.

Kwa mtoto wa mbwa anayeota meno, kwa kawaida kati ya miezi mitatu na sita au saba, huhitaji hata trei. Karoti nzima iliyooshwa na kugandishwa humpooza fizi na kuviokoa viatu vya baba. Mkae naye anapoitafuna, na ikibaki kipande kidogo kinachoweza kumkaba, mwondolee.

Wenye mbwa wanaochoka haraka na upweke hupenda kutumia mpira mgumu wenye tundu katikati, unaojazwa chakula na kugandishwa ili mbwa ashughulike nao kwa muda mrefu. Asili ya kifaa hicho ni ya kuchekesha kidogo. Katika miaka ya 1970, Joe Markham wa Colorado, Marekani, alikuwa na German shepherd aitwaye Fritz aliyeharibu meno kwa kutafuna mawe. Siku moja Markham akitengeneza gari la Volkswagen, Fritz akakichukua kipande cha mpira cha gari hilo na kukipenda kuliko mawe, na kutoka hapo ukazaliwa mpira unaouzwa leo duniani kote kwa jina la Kong. Asiyeweza kuununua atumie kikombe kigumu cha plastiki au bakuli zito: gandisha ndani yake, chovya nje kwenye maji kidogo, barafu itoke nzima, mpe kwenye bakuli lake. Asivutike na wazo la kukata kipande cha tairi bovu, maana tairi lina nyuzi za chuma ndani.

Kiasi, na namna ya kumpa

Madaktari wa mifugo hushauri vitafunwa vyote vya siku visizidi asilimia 10 ya nguvu anayopata mbwa kwenye chakula. Mbwa mzima wa kilo 10 huhitaji kama kilokalori 600 kwa siku, kwa hiyo vitafunwa vyake viishie 60. Ndizi moja ya wastani peke yake ina kama 100. Trei ya mtindi na ndizi basi si ya siku moja. Vipande viwili au vitatu vinamtosha mbwa wa uzito huo. Barafu ya maji ya dagaa ina nguvu kidogo sana, na hapo unaweza kukunjua mkono.

Barafu ngumu inayotoka friza moja kwa moja inaweza kuvunja jino la mbwa anayependa kung'ata. Iache nje dakika tano, uso wake uanze kuyeyuka. Mbwa anayemeza bila kutafuna apewe bonge kubwa la kulamba, si vipande vinavyolingana na koo lake. Vijiti vya lambalamba na vifuko vya plastiki visimfikie kabisa. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tangu Juni 1, 2019, lakini vifuko vyembamba vya barafu bado vipo mitaani, na kifuko chenye mabaki ya utamu mbwa hukimeza kizima.

Watoto watataka kumlisha kwa mkono. Wasiruhusiwe. Hata mbwa mpole anaweza kulinda kitu anachokipenda, na uso wa mtoto aliyeinama uko sawa na mdomo wake. Mtoto aweke barafu kwenye bakuli mbwa akiwa mbali, arudi nyuma, mtu mzima awepo. Ikitokea ameng'atwa au kukwaruzwa kwa meno, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na mtoto afikishwe hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Kwamba mbwa ni wa nyumbani na anafahamika si sababu ya kusubiri.

Friza moja, matumizi mawili

Watu wengi huamini baridi ya friza huua vijidudu. Hulala tu. Bakteria wa kwenye nyama mbichi wakitoka friza na kupata joto, wanaendelea walipoishia. Kwa sababu hiyo maini, mapafu, utumbo na bandama za mbwa zichemshwe hadi ziive ndipo zigandishwe.

Kuna sababu nyingine inayohusu afya ya familia nzima. Mbwa akila viungo vibichi vya kondoo, mbuzi au ng'ombe vyenye malengelenge ya maji, huota tumboni mwake minyoo midogo ya jamii ya tegu. Mayai yake hutoka na kinyesi, hushika kwenye manyoya, na mtoto anayemkumbatia mbwa kisha akala bila kunawa huweza kuyameza. Miaka kadhaa baadaye huonekana uvimbe wenye maji kwenye ini au mapafu. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ni kati ya maeneo yaliyowahi kurekodi viwango vya juu zaidi duniani vya ugonjwa huo. Dawa ya minyoo kwa mbwa na viungo vilivyopikwa huukata mzunguko.

Trei ya mbwa iwe yake peke yake, ya rangi tofauti, na kopo liandikwe jina lake ili mgeni asije akachukua barafu ya dagaa akatia kwenye glasi ya juisi. Katika nyumba nyingi za Kiislamu za pwani utengano huu una maana zaidi. Mbwa hufugwa nje kwa ulinzi, mate yake ni najisi, na kwa wanaofuata madhehebu ya Shafii chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Vyombo vikiwa vya mbwa pekee na vikaoshewa nje, usumbufu huo hauzuki.

Umeme ukikatika hadi vitu vikayeyuka na kupata uvuguvugu, barafu ya supu, dagaa au mtindi imwagwe. Isigandishwe tena. Umeme ukiwa haukatiki, mwezi mmoja ni muda wa kutosha kuihifadhi.

Akishapigwa na joto

Lambalamba si tiba ya mbwa aliyekwisha kuzidiwa. Akihema kwa kelele bila kupumzika, mate yakawa mazito, fizi zikawa nyekundu sana, akayumba, akatapika au akaanguka, joto la mwili wake huenda limepita nyuzi 41, na viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Kumsukumia barafu mdomoni wakati huo ni kumkaba.

Mpeleke kivulini na mwanze kummwagia maji mwili mzima, hasa tumboni na kwenye mapaja, huku mtu akimpepea. Maji ya ndoo ya ndani yanafaa. Ya bomba lililolala juani yaache yatiririke kwanza, maana yale ya mwanzo yanaweza kuunguza. Usimfunike taulo lililolowa ukaliacha juu yake, kwa kuwa linapata joto haraka na kulizuia lisitoke. Kama ana fahamu, wekea maji anywe mwenyewe. Ummwagie kwanza, halafu ndiyo safari ya kwa daktari, madirisha ya gari yakiwa wazi. Ile hofu kwamba maji baridi au barafu humuua mbwa kwa kumvimbisha tumbo haina ushahidi. Kinachomuua ni joto lililoachwa liendelee.

Kwa mbwa aliyekula ukwaju, zabibu au kitu chenye zailitoli, usimpe maziwa ukidhani yatazimua sumu, na usimnyweshe chumvi au mafuta ili atapike. Chumvi nyingi nayo ni sumu kwake, na mafuta yanaweza kuingia kwenye mapafu. Usisubiri dalili pia. Daktari wa mifugo anaweza kumtapisha kwa usalama ikiwa hazijapita saa nyingi, mbili za mwanzo zikiwa na faida kubwa zaidi, na anaweza kumtundikia dripu kulinda figo au kurudisha sukari ya damu. Nje ya miji mikubwa kliniki za wanyama ni chache, hivyo namba ya daktari au ya ofisa mifugo wa kata iwe kwenye simu kabla ya siku ya kuihitaji. Atauliza mbwa ana kilo ngapi, amekula nini, kiasi gani na saa ngapi. Beba pakiti, au ipige picha lebo yake.